Geti Lisilo na Ndugu

Fuko mmoja alichomoza kichwa katikati ya barabara, akajikung'uta changarawe, akageuka kushoto na kuzama tena ardhini. Kichwa chake kilikuwa cha chuma, kipana kama sufuria ya ugali wa familia, na mgongo wake ulikuwa unafuka mvuke. Pale alipopita, tope la jana lilikuwa limekuwa gumu kiasi kwamba ungelipiga sururu, sururu ingekurudia mwenyewe.

Hawa hawakuwa fuko wa Mungu. Walikuwa roboti wa kugandisha barabara. Kila mmoja alibeba tumboni mtambo wa kufyonza joto: aliingia kwenye udongo uliolowa, akalivuta joto lake, akalitema hewani kupitia mgongoni, na udongo ukabaki jiwe. Usiku kucha walitambaa chini ya barabara ya msituni iendayo Ikungula, na asubuhi malori ya mbao na magari ya viazi yalipita juu yao bila kujua nani amefanya kazi. Kazi nzuri haina kelele, ndivyo walivyopenda kusema watu wa idara ya barabara, hasa wale ambao wenyewe hawakuwa na kazi nyingi.

Mtu anaweza kuuliza barafu imetoka wapi huku kwetu. Jibu lake liko juu. Mataifa yalipochoshwa na joto yalitandaza Pazia, vumbi jeupe lililopulizwa juu kabisa ya mawingu ili kupunguza makali ya jua. Pwani walishukuru, wakaandaa sherehe. Huku milimani, ambako tangu enzi za mababu kipupwe kilikuwa kikituumbua, hakuna aliyetuuliza kitu. Baridi ilianza kuingia ardhini kina cha goti. Usiku barabara za udongo ziliganda zote; mchana ziliyeyuka kuanzia juu, huku chini kukiwa bado barafu, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Yalibaki pale juu yakafanya uji. Gari lililoingia kwenye uji ule lilitoka kwa kuvutwa, au halikutoka kabisa.

Aliyewaunda fuko aliitwa Tusekile Mahenge, injinia, mzaliwa wa Ikungula hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na viatu vizito, mjane mwenye binti mmoja. Watu walimheshimu, na wengine walimwogopa. Walimwogopa kwa sababu ya Nyapara.

Nyapara ilikuwa akili unde iliyosimamia fuko na geti la kuingilia barabara, pale njia panda. Ilipima unene wa barafu kila hatua ya barabara, ikaamua gari gani lipite na gari gani lingoje. Zamani kazi ya geti ilikuwa ya binadamu, na binadamu ana shemeji. Kipupwe kimoja, mlinzi wa geti alimfungulia shemeji yake mwenye lori la mbao, na juu ya mbao walikuwa wamepanda watu waliokuwa wakienda msibani. Lori lilizama upande mmoja, likabingirika hadi bondeni. Tusekile alikuwa injinia mpya. Alishinda siku nzima akisaidia kuwatoa watu chini ya magogo. Baada ya hapo aliapa kwamba geti lake halitakuwa na shemeji, wala mjomba, wala mtu wa kwetu.

Akafanya alivyoapa. Ndani ya Nyapara hakuweka majina, vyeo, wala namba za simu za wakubwa. Aliweka uzito wa magari na unene wa barafu, basi. Sauti alitia yake mwenyewe, kwa sababu pale ofisini hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kusoma maelfu ya maneno mbele ya kinasa sauti. Kwenye nguzo ya geti alibandika kibao: GETI HALINA NDUGU. Msimu wa kwanza tu geti lilimgeuza waziri na msafara wake, na waziri akalazimika kula chakula cha mchana kwa mama lishe wa pale njia panda, akisubiri jua lizame. Kisa hicho kilizunguka vilabuni mwaka mzima. Tusekile alipoulizwa alijibu kwa kifupi: "Sheria ni msumeno."

Alisema kweli. Ila msumeno haujui hata vidole vya fundi aliyeunoa.

Siku ninayoisimulia, Pazia lilichanika. Ilitokea mara chache. Upepo wa juu ulilisukuma kando na jua la zamani likashuka lote, bila kupiga hodi. Kufikia saa tatu asubuhi misonobari ilikuwa inadondosha maji kama vile mvua imenyesha, na mabonde yakajaa ukungu mzito wa kuyeyuka. Tusekile alikuwa njia panda, kwenye kibanda cha mitambo kando ya geti, simu yake ilipoita.

"Mama, shikamoo." Alikuwa Lutengano, mkwe wake, mwalimu wa shule ya Ikungula.

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Mama, Atupele amezidiwa. Uchungu umeanza kabla ya wakati, na damu inatoka. Mkunga anasema huyu si wa hapa, ni wa kupasuliwa. Afike hospitali mchana huu."

Tusekile alishika ukingo wa meza. Atupele alikuwa mwanawe wa pekee. Juma lililopita tu binti alitaka kuja mjini kungojea siku zake karibu na hospitali, na mama ndiye aliyemwambia, Tulia kwako mwanangu, barabara yangu ipo, unaogopa nini?

Aliita ndegenyuki, vyombo vya kuruka bila rubani, za kubeba wagonjwa. Akajibiwa kwamba haziruki. Ukungu ule ungeganda kwenye mapanga yake, huko juu kwenye baridi, kabla hazijavuka bonde la kwanza. Akaita gari la wagonjwa, nalo halikukawia, kwa kuwa kutoka hospitali hadi njia panda ni lami tupu. Ndani alikuwamo dereva Festo na nesi mmoja mnene, mpole, aliyeitwa Skola. Gari likasimama mbele ya geti. Mkono wa geti haukunyanyuka.

"Barabara imefungwa kwa magari," ilisema Nyapara kutoka kwenye nguzo. "Watembea kwa miguu, piteni."

Ilikuwa sauti ya Tusekile ya miaka kumi na mitano nyuma, nyororo, isiyo na shaka yoyote. Festo alichungulia dirishani, akamtazama injinia, akaitazama nguzo.

"Nyapara, ni mimi," alisema Tusekile.

"Karibu. Barabara imefungwa kwa magari."

"Hili ni gari la wagonjwa. Kuna mzazi anavuja damu Ikungula."

"Nimesikia. Kwenye kalavati la mto, barafu iliyobaki ni unene wa kiganja. Gari hili litaivunja."

"Amsha fuko wagandishe."

"Wako kazini tangu jua lilipotoka. Wakigandisha mbele, nyuma kunayeyuka. Baridi ya kutosha itarudi jua likizama."

"Mwanangu hatafika mpaka jua lizame!"

Nyapara ilipima tena barabara nzima. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu. Ikasema, "Barabara inabeba watu. Juu ni tope la kufika kifundo cha mguu, chini ni barafu nzima. Wakimbeba sasa hivi, atafika."

Hapo lazima nieleze jambo la kikwetu. Kabla ya barabara, mgonjwa alibebwa kwa machela, na alibebwa kwa kupokezana. Kitongoji chake kilimtoa nyumbani hadi mpaka wake. Mpakani walikuta wanaume na wanawake wa kitongoji cha pili wamesimama, mikono mitupu, mabega tayari. Wakapokea, wakaenda hadi mpaka wao. Hivyo mgonjwa alishuka milima yote bila machela kugusa ardhi. Na kulikuwa na mwiko mmoja: anayengoja mpakani hatoki kumfuata mgonjwa, hata kama ni mama yake mzazi. Ukimfuata, mnakutana katikati nyote mmechoka, na mpaka unabaki hauna mabega. Baba yake Tusekile alikuwa mngojaji mashuhuri. Alipokuwa msichana, Tusekile alimwona akisimama mpakani kwenye baridi, anasikia mdogo wake mwenyewe akilia ng'ambo ya kilima, na hakuinua mguu.

Tusekile alimpigia mkwe wake. "Machela zipo?"

"Machela zipi, mama?" aliuliza Lutengano. "Tangu barabara ije nani amebeba mtu? Ya mwisho tuliipasulia kuni."

"Waite watu."

"Wapo, mama. Wamejaa hapa uani. Kila mmoja ananiuliza gari linafika saa ngapi." Akasogea kando yao. "Tunaweza kuvua mlango. Tumlaze juu yake, tuje mdogomdogo. Tuje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kujibu ndiyo. Tusekile alilijua tope lile kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini alimwona binti yake juu ya mlango, akitikiswa na watu ambao hawakuwahi kubeba hata jeneza bila kugombania hatua, na moyo wake ukakataa. Upande wake wa geti alikuwa na gari la joto lenye kitanda, nesi na damu ya akiba kwenye jokofu. Kuna mama gani angechagua mlango?

"Msimtikise," alisema. "Subirini hapohapo. Nakuja na gari."

Alikuwa na ufunguo wa kisanduku kilichokuwa chini ya nguzo. Alikifungua, akaingiza mkono, akachomoa waya mmoja. Mkono wa geti ukalegea. Festo aliunyanyua kwa bega kama anayenyanyua tawi lililoanguka.

"Geti limefunguliwa bila ruhusa," ilisema Nyapara. Haikukasirika, maana Tusekile hakuifundisha kukasirika. "Barabara imefungwa kwa magari."

Festo alirudi kwenye usukani lakini hakuwasha. Alikuwa mtu wa makamo mwenye watoto wake. "Mama injinia," alisema, "hii barabara ni yako. Mimi mambo ya barafu siyajui. Ukiniambia inapitika, napita."

Tusekile alipanda, akafunga mlango.

"Inapitika," alisema.

Waliingia msituni. Mwanzoni barabara iliwapokea vizuri, tope likiruka pembeni na magurudumu yakishika kitu kigumu chini. Skola alishikilia jokofu la damu mapajani lisigongegonge. Alijaribu kuzungumza, akauliza kama ni mjukuu wa kwanza. "Wa kwanza," Tusekile alijibu, macho mbele. Walipita mahali lori la mbao lilipoanguka zamani. Misonobari iliyopandwa pale kama ukumbusho sasa ilikuwa mirefu kuliko nguzo za umeme. Hakuiangalia. Alikuwa anapiga hesabu kimoyomoyo, anajiambia kwamba Nyapara huweka akiba ya tahadhari, kwamba kipimo cha kiganja si lazima kiwe kiganja, kwamba yeye ndiye aliyeiwekea akiba hiyo na anajua ilivyo kubwa. Alisahau kwamba msimu uliopita aliipunguza mwenyewe, wenye viwanda vya mbao walipolalamika kuwa geti linafungwa mno.

Kwenye kalavati la mto, Festo alipunguza mwendo.

"Usisimame," alisema Tusekile. "Ukisimama unazama."

Kishindo kilichosikika hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama cha gunia la mahindi linaloangushwa sakafuni. Gari liliinama kulia, likatulia, na kwa muda wa pumzi moja wote watatu walidhani limeshika. Kisha maji yakaanza kutoka.

Barafu ina tabia ambayo wengi hawaijui. Inapoganda ndani ya udongo haikai na maji iliyoyakuta. Inayavuta na ya jirani. Usiku baada ya usiku barafu ya fuko ilikuwa inanyonya maji ya mlima mzima, na kuyalundika chini ya barabara kwa tabaka. Likikaa limefunikwa, tabaka lile ni nguzo. Likivunjwa kifuniko mchana wa jua, ni bwawa. Maji yalisukuma tope, tope likasukuma changarawe, na ukingo wa barabara ukaanza kuteremka bondeni polepole, kwa heshima, ukiwa umebeba gari la wagonjwa.

Walitoka kwa kupitia mlango wa nyuma. Festo aliteguka mkono. Skola alitoka na mkoba wake mgongoni, lakini jokofu la damu lilimponyoka, likaenda na gari. Walipotambaa hadi penye ardhi ngumu na kugeuka, mahali pa kalavati palikuwa na shimo pana kama nyumba ya vyumba viwili, na chini yake mto ulikuwa mwekundu kwa udongo. Kwenye ukuta wa shimo lile, fuko mmoja alikuwa amechomoza nusu mwili. Kichwa chake kilizunguka hewani, kikigandisha kitu ambacho hakikuwapo.

Tusekile alikaa chini kwenye tope. Hakulia. Alichukua simu, na vidole vyake vikakosea jina mara mbili.

"Vueni mlango," alimwambia Lutengano. "Mleteni."

"Gari je, mama?"

"Mleteni, baba. Mleteni."

Nani asiyejua kungoja? Lakini kuna kungoja kwa namna hii, huku unaitazama kazi ya mikono yako ikiteremka bondeni kipande baada ya kipande, na kila kipande kinaongeza hatua ambazo mwanao atabebwa. Tusekile alitaka kukimbia kwenda kuwapokea. Alitelemka shimoni, akazama hadi kiunoni, Festo na Skola wakamvuta kwa mtandio wa nesi. Akatelemka tena upande wa msitu, akishika mizizi, Skola nyuma yake na mkoba, Festo akabaki na mkono wake kuita gari la pili. Walitumia muda mrefu kuliko kawaida ya mtu mwenye miguu mizima. Walipopanda ng'ambo, nguo zao zilikuwa tope tupu, na jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Wabebaji walikuwa wanabishana. "Bega la kushoto! La kushoto, nimesema!" "Punguza, wewe, mgonjwa anateleza!" Walikuwa wengi, karibu kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyejua wapi pa kushika. Lakini walikuja. Tope liliwafika kwenye vifundo vya miguu, barafu ikawabeba chini yake, sawasawa kama ilivyosemwa getini.

Atupele alilazwa juu ya mlango wa bluu wa nyumba yake, kitasa kikiwa bado kimo. Alikuwa amefunikwa mablanketi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," alisema. "Nimekusikia unakuja."

"Niko hapa, mwanangu."

"Gari liko wapi?"

Tusekile aliuchukua mkono wake, ukiwa wa baridi. "Liko hapo chini," alisema. Na kweli lilikuwa chini.

Skola aliinua blanketi, akatazama, akalirudisha taratibu. Alimvuta Tusekile kando. "Mama, mtoto anakuja sasa, hawezi kungoja hospitali. Nitamtoa. Lakini hii damu ya mwanao, mimi hapa sina cha kuizuia. Ningekuwa na lile jokofu, au kama angekuwa mezani kwa daktari mapema kidogo." Hakumalizia. Alikuwa mpole, na maneno mengine hayana upole wa kuyasemea.

Wanawake walisimama duara, wakatandaza khanga na mablanketi kama ukuta. Wanaume waligeuka wakatazama misonobari. Mtoto alizaliwa pale kando ya barabara iliyovunjika, msichana, mdogo, mwenye hasira. Alilia kwa nguvu hadi mwangwi ukarudi kutoka ng'ambo. Lutengano aliposikia alipiga magoti. Skola alimfuta mtoto, akamwingiza kifuani ndani ya sweta lake, akafunga vifungo vyote.

Kisha walimnyanyua Atupele kumvusha shimo. Hapakuwa na njia ila kuteremka bondeni na kupanda tena kwa mizizi. Mlango ulikuwa mpana mno kupita kati ya miti, ikabidi waulaze ubavu na kumshika mgonjwa kwa mikono, watu sita, kisha wanane, wakipeana kila bega lililokuwapo. Mtu mmoja alianza kuimba ili hatua zilingane, wengine wakajibu bila kuyajua maneno vizuri. Tusekile alishika kichwa cha mwanawe. Alimwambia mambo ya kipuuzi, kwamba mtoto ana pua ya babu yake, kwamba kesho watacheka. Katikati ya mteremko Atupele alisema ana usingizi. Walipofika juu, upande wa geti, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusimama, na wakatembea hatua nyingi wakiwa wamebeba mtu ambaye hakuwapo.

Lutengano ndiye aliyesimama. "Mama," alisema tu.

Kilio cha Tusekile walikisikia hadi njia panda. Sitakielezea. Aliyewahi kufiwa na mtoto anakijua, na asiyekijua Mungu amwepushie.

Walifika getini jua likizama. Gari la pili la wagonjwa lilikuwa linangoja kwenye lami, taa zake zikizunguka. Skola alipanda na mtoto ndani ya sweta, Festo akapanda na mkono wake uliofungwa kwa mtandio, na gari likaondoka kwa kasi kwenye ile lami tambarare isiyojua shida. Waliobaki walikuwa watu wa Ikungula, na mlango wa bluu, Atupele juu yake, ukiwa mabegani mwao. Kwa desturi, maiti ya njiani hailali ugenini wala haishushwi chini msituni. Ilibidi wavute pumzi kidogo hapo mpakani, kisha warudi nayo nyumbani, njia ileile, shimo lilelile.

Baridi ilikuwa imeanza kurudi. Huko msituni kazi ya fuko ilikuwa imeanza kushika, na tope la barabarani lilikuwa linakakamaa, likitoa milio midogo.

Tusekile alikiendea kile kisanduku chini ya nguzo. Aliutafuta waya, akaurudisha mahali pake. Mkono wa geti ukanyooka. Alibaki amechuchumaa, mgongo kwenye nguzo, chini ya kibao chake.

"Nyapara," alisema.

"Nakusikia."

"Kama ningewaambia waje. Asubuhi, walipotaka kuvua mlango. Mimi ningengoja hapa na gari." Alivuta kamasi. "Wangefika?"

Kuna wakati mwanadamu mwenye akili angenyamaza, au angedanganya, au angesema ni mipango ya Mungu, mama, jikaze. Lakini Tusekile ndiye aliyeiandika Nyapara, na alipoiandika alitaka kitu kimoja tu: ikiulizwa, ijibu.

"Wangefika," ilisema ile sauti ya Tusekile wa miaka ile.

Tusekile aliegemeza kichwa kwenye nguzo. Alikaa mpaka Lutengano alipokuja, akainama, akamshika kiwiko. "Mama, watu wamechoka," alisema kwa upole. "Nyuma kushoto hakuna mtu."

Alinyanyuka. Alivua koti lake la idara, akalikunja, akaliweka begani ili ubao usimkate, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Akaingia nyuma kushoto, karibu na kitasa, akapokea. Uzito ulimshukia wote. Wabebaji walilinganisha hatua na kuligeukia geti, na mkono wake haukutikisika, kwa sababu ulikuwa haujafungwa kwa ajili yao.

"Barabara imefungwa kwa magari," ilisema sauti yake, changa, isiyo na shaka. "Watembea kwa miguu, piteni."

Wakainama chini ya mkono wa geti, mmoja baada ya mwingine, wakapita.